Msusi wa Meza ya Tatu

Watu walimwita Bi Mhuri, na jina lilikuwa limemkaa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa kwenye meza ya kuazimia vitabu, akifungua ukurasa wa mwisho, akigonga tarehe, akikisukuma kitabu mbele kwa vidole viwili na kusema, "Wiki mbili. Usikikunje." Wanafunzi walimwogopa kuliko walimu wao. Baadhi yao sasa walikuwa watu wazima wenye vitambi, lakini wakisimama mbele ya meza ile bado walificha mikono nyuma.

Hakuwa mtu mbaya. Alimjua mama anayeazima hadithi za mapenzi na kuzifunika kwa gazeti, na hakuwahi kumtania. Alimjua mzee anayekuja kusinzia kwenye kona ya magazeti, na hakumwamsha mpaka saa ya kufunga. Ila alipenda kujulikana. Kwenye ukoo wa mumewe walimwita "msomi wetu", na kila neno hilo lilipotajwa aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayevishwa shada la maua.

Ndipo akaja mkuu mpya wa maktaba, kijana wa miwani na ndevu za kuhesabika, mkononi ameshika orodha. Aliwakusanya wafanyakazi wote kwenye chumba cha kusomea akaisoma akiwa amesimama. Kadi za wanachama zitakuwa na picha, na mashine itazisoma. Kompyuta kumi zitakuwa za bure kwa kila mtu. Kutakuwa na rafu ya kuchajia simu, zulia na vigoda kwa ajili ya watoto, na darasa la kusoma na kuandika kwa watu wazima kila Jumanne na Alhamisi.

"Na mhuri?" Bi Mhuri aliuliza.

"Mhuri wa tarehe utapumzika, mama."

"Utapumzika mpaka lini?"

Watu wakacheka. Mkuu naye akacheka, kisha akamwambia kwa upole kwamba tarehe sasa zitatumwa kwenye simu za wasomaji, na kwamba yeye ndiye atakayeshika kazi hiyo ya kutuma ujumbe. "Wewe ndiye utakuwa sauti ya maktaba," alisema. Maneno hayo yalimpoza. Alirudi kwenye kiti chake akiwa amenyooka.

La mwisho kwenye orodha lilikuwa jambo lililoitwa Azima Mtu. Kila Jumamosi asubuhi zitapangwa meza nne, na kwenye kila meza atakaa mtu mmoja anayejua kazi yake barabara. Anayetaka atajiandikisha kwa nusu saa, akae naye, amuulize analotaka.

"Mimi nitaazima mpishi," alisema mlinzi. "Nimrudishe baada ya wiki mbili."

"Hatoki nje ya jengo," alijibu mkuu, na watu wakacheka tena.

Bi Mhuri alijiandikisha wa kwanza: Historia ya Maktaba na Utunzaji wa Vitabu. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa mlalo. Jioni ile, wakiwa mezani na mumewe, ambaye alikuwa fundi wa majokofu, alimsimulia habari zote, na mumewe akauliza bila kufikiri, "Kwa nini usimwambie wifi yako?"

Bi Mhuri alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Wifi aende maktaba kufanya nini? Awasuke vitabu?"

Wifi huyo alikuwa mdogo wa mumewe, msusi, mwenye saluni ya viti vinne karibu na stendi. Alikuwa na kicheko kinachofika kabla ya mwenyewe. Shule aliiacha mapema. Katika maisha yake aliwahi kuazima kitabu kimoja tu, akakirudisha na kibanio cha nywele kwenye ukurasa wa tisa. Bi Mhuri alikitunza kibanio kile kwenye droo muda mrefu, akawa anawaonyesha wenzake.

Lakini mumewe hakuliacha. Alimwambia dada yake mwenyewe, na siku ya pili msusi akaingia maktaba na aproni yake, chanuo limechomekwa kichwani, akaenda moja kwa moja kwa mkuu. Alipotoka alikuwa amepewa meza ya tatu.

Jumamosi ya kwanza meza zilipangwa hivi: ya kwanza fundi bomba mstaafu, ya pili mkunga, ya tatu msusi, ya nne Bi Mhuri. Kwa Bi Mhuri walikuja watatu. Mmoja alidhani ni foleni ya kadi mpya. Wa pili aliuliza choo kiko wapi. Wa tatu alikuwa yule mzee wa magazeti, aliyesikiliza sentensi mbili za historia ya maktaba, akafumba macho, na kidevu kikamshukia kifuani.

Kwenye meza ya tatu mambo yalikuwa mengine. Alikaa msichana ambaye nywele zilimkatika baada ya kuungua na dawa, akalia kidogo, kisha akacheka. Akaja mama mmoja kuuliza namna ya kumwambia bosi wake kwamba kilemba hakipunguzi akili. Akaja baba mmoja mwenye upara, akakaa tu. "Wewe unataka nini, baba?" msusi alimuuliza. "Nataka kujua zimekwenda wapi," alisema, na chumba kizima, ambacho kwa miaka kumi na tisa Bi Mhuri alikuwa amekinyamazisha kwa jicho, kikaangua kicheko.

Kufikia mchana karatasi ya majina ya meza ya tatu ilikuwa imejaa. Mkuu akabandika ya pili chini yake kwa utepe wa gundi. Jumamosi ya pili akabandika ya tatu, na karatasi zikawa zinaning'inia kama ulimi. Kila mara Bi Mhuri alipopita pale kwenye mbao za matangazo alijiambia hatazitazama, na kila mara alizitazama, akahesabu majina. Kichwani alikuwa na maelezo: watu wanapenda porojo, siku hizi hakuna anayetaka mambo ya maana, ikipita miezi miwili watachoka. Alijieleza hivyo akiwa jikoni na akiwa anapanga rafu, lakini kitu kiliendelea kumchoma chini ya mbavu.

Wiki ya tatu mkuu alimwita pembeni. "Mama, meza yako tuipumzishe kidogo."

Aliitikia. Lilikuwa neno lile lile ambalo mkuu alilitumia kwa mhuri.

Kilichomuumiza zaidi, hata hivyo, hakikuwa hicho. Jumamosi ya nne aliinua macho kutoka kwenye kompyuta akamwona mama mkwe wake mlangoni, amevaa nguo yake ya kutokea, ameshikwa mkono na mwanawe, mume wa Bi Mhuri. Tangu Bi Mhuri aolewe, mama huyo hakuwahi kukanyaga maktaba. Alikuwa akisema ngazi zinamsumbua magoti. Leo alizipanda zote kumi na moja.

Bi Mhuri aliinuka, akajifuta mikono kwenye sketi. "Shikamoo, mama! Karibu, karibu sana."

"Marahaba, mkwe wangu. Hujambo? Anakaa wapi mwanangu?"

Bi Mhuri akanyoosha kidole. Mama akapita, akiwa anamtazama binti yake kwa mbali na kutabasamu, na mumewe akapita nyuma yake akisema, "Unaona watu walivyojaa? Si nilikwambia?" Bi Mhuri akakaa. Akafungua droo, akafunga droo.

Mwezi uliofuata ulipangwa uzinduzi rasmi wa huduma mpya. Wageni wangekuja kutoka baraza la mji, na mtangazaji wa redio angerekodi kipindi. Mkuu aliwaambia kwamba mtangazaji angekaa kwenye meza ya tatu, maana huko ndiko kulikochangamka.

"Na mimi nitakaa wapi?" aliuliza Bi Mhuri.

"Mlangoni, mama. Utapokea wageni."

Ijumaa alasiri, wenzake wakipanga viti, alibaki peke yake mbele ya kompyuta kutuma ujumbe wa kuwakumbusha waliojiandikisha. Meza ya kwanza watu wawili. Meza ya pili wanne. Meza ya tatu tisa, nusu saa kila mmoja, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba na nusu. Aliwatazama wale tisa. Mmoja wao alikuwa mama wa hadithi za mapenzi, ambaye alikuwa amemfichia siri miaka yote hiyo. Hata yeye!

Mikono ikaandika yenyewe: *Kipindi cha msusi cha kesho kimeahirishwa. Msusi amepatwa na udhuru. Samahani kwa usumbufu.* Aliandika haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa, akabonyeza, na kioo kikamwambia ujumbe umetumwa kwa watu tisa. Akaenda kwenye mtungi wa maji akanywa bilauri mbili. Hakuna aliyemwona.

Asubuhi msusi alifika mapema kuliko wote. Alikuwa amevaa gauni jipya, nywele zake mwenyewe amezisuka kwa ufundi wa kutisha, na mkononi alikuwa na kikaratasi alichoandika maneno ya kusema redioni. Alimkumbatia wifi yake pale mlangoni. "Wifi, moyo unanidunda! Sijalala." Akaenda kukaa, akanyoosha kitambaa cha meza.

Saa tatu ikafika. Hakuja mtu. Saa tatu na nusu hakuja mtu. Mtangazaji alikaa na kinasa sauti chake, akatazama saa, akatazama mlango, mwishoni akasema kwa adabu kwamba ngoja aanze na mkunga. Wageni wa baraza walipita mbele ya meza ya tatu, wakasoma kibao, wakamwona mwanamke aliyejipamba amekaa peke yake, wakapita. Msusi alikunjua kile kikaratasi, akakikunja, akakikunjua.

Bi Mhuri aliyaona yote kutoka mlangoni, na tusidanganyane, alisikia raha. Raha ilimwingia mpaka kwenye magoti. Aliwapokea wageni kwa sauti nyororo ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia.

Kisha msusi akaja mlangoni.

"Wifi," alisema polepole, "nimekosea wapi?"

"Kukosea vipi?"

"Hawaji. Wiki iliyopita kuna mama nilimwambia ukweli kuhusu ile dawa anayotumia. Labda nimemuudhi, akawaambia wenzake." Macho yake yalikuwa yanametameta. "Wewe ndiye msomi. Niambie tu, sitakasirika. Huwa naongea kishamba?"

Hapo nafasi ilikuwepo. Ilikuwa pana kama mlango waliosimama mbele yake. Bi Mhuri alimtazama wifi yake, nywele zile, gauni lile, na badala ya yote aliyoweza kusema akasema, "Labda wamekuzoea tu, wifi. Watu huchoka."

Msusi akatikisa kichwa, akarudi kukaa. Hakukigusa tena kile kikaratasi.

Saa nne ilipokaribia aliingia mwanamume mwenye mikono mikubwa iliyokauka kwa saruji, amemshika mkono binti wa miaka saba hivi aliyefungwa kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mwashi. Kwanza alikwenda kwenye rafu ya kuchajia, akachomeka simu yake. "Imezimika tangu juzi," alimwambia mlinzi. Halafu akaenda meza ya tatu, akasimama kama mtu aliyeitwa shuleni.

"Nilijiandikisha saa nne," alisema. "Mama yake huyu amepata kazi mbali, harudi mpaka mwisho wa mwaka. Sasa mwalimu ameniandikia barua kuhusu hiki kichwa. Dada yangu, mimi nimejenga maghorofa. Lakini hapa nimeshindwa kabisa."

"Ghorofa halipigi kelele ukilivuta," alisema msusi, na binti akacheka chini ya kitambaa chake.

Akakifungua polepole. Nywele zilikuwa zimefungana kama kamba za mzigo. Msusi hakushangaa wala hakuguna. Alimkalisha binti kwenye kigoda cha watoto, akampa baba chanuo. "Usianzie juu. Anza huku kwenye ncha. Shika shina kwa mkono huu, ili maumivu yaishie kwenye mkono wako, yasifike kichwani."

Mwashi akashika. Jasho likamtoka. Watu wakaanza kusogea: fundi bomba, mlinzi, mgeni mmoja wa baraza. Msusi alimwonyesha namna ya kupitisha njia kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. "Kama kamba ya kunyooshea ukuta," mwashi alisema, akijifundisha mwenyewe, na ulimi umemtoka pembeni. Njia ya kwanza ikaenda upogo.

"Ukuta umepinda, baba," alisema binti, akijitazama kwenye kioo kidogo cha msusi.

"Bomoa, ujenge tena," alisema msusi, na mtangazaji akaja mbio na kinasa sauti chake kuwahi kicheko kile.

Bi Mhuri alikuwa bado mlangoni. Ile raha ilikuwa imekwisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko mwanzo, kwa sababu hata baada ya yote aliyoyafanya, watu walikuwa wamesogea pale pale. Akasikia simu ikilia kwenye rafu ya kuchajia, *ti-ti*, na mwili wake wote ukaelewa kabla ya akili.

Mwashi alikwenda kuichukua apige picha ya mabutu mawili ya nywele aliyoyafunga kwa mkono wake. Akatazama kioo, akakunja uso, akarudi nayo mezani. "Dada, hapa maktaba wameniandikia jana kwamba hukuja. Eti kipindi kimeahirishwa. Mbona upo?"

Mkuu akaipokea simu, akasoma, akashika kichwa. "Ni mfumo huu! Umewatumia watu ujumbe wa uongo. Jumatatu nawaandikia barua waliouweka."

Msusi aliomba asome na yeye. Alisoma taratibu, kidole kikifuata maneno. *Msusi amepatwa na udhuru.* Alipomaliza aliinua macho, akawavuka watu wote waliosimama mbele yake, akamtazama wifi yake mlangoni.

"Mashine inaweza kuandika udhuru?" aliuliza, kwa sauti ya kawaida.

Watu walidhani anatania. Bi Mhuri alitazama chini, akaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Msusi akamrudishia mwashi simu yake, akashika chanuo. "Haya, baba. Huku nyuma bado." Hakumwambia mkuu neno, wala siku ile hakumwambia mtu mwingine yeyote.

Jumapili msusi hakuja kwa kaka yake kula kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Mama mkwe alikuja, akalaumu mashine. "Hizo kompyuta zenu zimemwaibisha mwanangu." Mume akasema hata yeye haziamini. Bi Mhuri aliwapakulia, akala matonge mawili, akasema kichwa kinamuuma. Akiwa amelala ubavu, hakuifikiria ile meseji. Alifikiria maneno ya mlangoni. *Watu huchoka.* Aliyasikia kwa sauti yake mwenyewe, ile nyororo ya kupokelea wageni.

Jumatatu asubuhi mkuu alimwekea barua mbele yake. Ilikuwa ya ukurasa mzima, kali, kwa kampuni iliyofunga mfumo, na mwishoni iliomba fundi aliyehusika achukuliwe hatua. "Igonge mhuri wa ofisi, mama, iende leo leo."

Bi Mhuri aliisoma mpaka mwisho. Alimkumbuka yule fundi, kijana mwenye kigugumizi aliyemfundisha kutumia kompyuta siku tatu mfululizo bila kumkasirikia. Akaweka mhuri chini.

"Barua hii siwezi kuigonga."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliyeandika ujumbe ule ni mimi. Niliandika kwa mkono wangu, nikautuma kwa wote tisa, nikijua ni uongo."

Mkuu alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo zaidi, karibu sawa na mwana wa kwanza wa Bi Mhuri. "Mama, lakini... yule si wifi yako?"

"Ndiye."

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Nilimwonea wivu."

Alidhani neno hilo lingemshinda kutoka, lakini lilitoka lote. Mkuu akafanya alichopaswa kufanya. Alimwandikia barua ya onyo. Akamwondolea kazi ya ujumbe. Na siku ile ile akamwagiza awapigie simu wale wanane ambao hawakuja, mmoja mmoja, awaeleze ukweli kwa mdomo.

Alianza saa nne. Mmoja alimsikiliza mpaka mwisho akakata bila kuaga. Mwingine alisema aliomba ruhusa kazini mara mbili kwa ajili ya nusu saa ile, sasa nani atampa ya tatu? Mmoja alicheka sana, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi. "Mimi nilidhani anaumwa," alisema mama wa hadithi za mapenzi. "Nilimwombea." Kisha akauliza, kwa sauti iliyobadilika, "Na mimi huwa unawaambia watu ninachosoma?"

"Hapana. Hata siku moja."

"Nitakuaminije?"



Alasiri alikwenda saluni. Viti vyote vinne vilikuwa na watu, na redio ilikuwa inaimba. Msusi alimwona kwenye kioo, akaendelea kusuka. Bi Mhuri alisimama pembeni ya beseni la kuoshea nywele, mkoba kifuani, akasubiri kama wasomaji walivyozoea kumsubiri yeye. Hakuna aliyemwambia kaa. Ilipita saa nzima ndipo msusi akapangusa mikono, akatoka naye nje kwenye benchi.

"Nimemwambia mkuu," alisema Bi Mhuri. "Na nimewapigia wote."

"Nimesikia. Wawili wamenipigia."

"Nisamehe, wifi."

Msusi alitoa nywele moja iliyonasa kwenye kidole chake. "Meseji nilishakusamehe siku ile ile. Hasira hushika mtu, akafanya jambo la kijinga. Lakini nilikuja nikakuuliza, wifi. Nilikuuliza nikiwa natetemeka. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukaniambia wamenichoka."

"Ndiyo."

"Basi hilo bado. Nikikwambia limeisha nitakuwa nakudanganya."

Wakakaa. Ndani mtu alimwita msusi, akajibu, "Nakuja!" lakini hakuinuka. Bi Mhuri, akitazama viatu vyake, akasema jambo ambalo hakuwa amepanga kulisema. "Mama alipanda ngazi zote zile kuja kukuona wewe. Kwangu hakuwahi kuja."

Msusi aligeuka akamtazama, akatoa kicheko kifupi kisicho na furaha. "Unajua mama aliniambia nini pale mezani? Alikaa dakika kumi, akaniambia, 'Kaa wima kama mkwe wangu, na usicheke ovyo, hapa ni mahali pa watu waliosoma.'" Akainuka. "Miaka yote mimi naambiwa niwe wewe. Na wewe unanionea wivu mimi. Tuna kazi." Akaingia ndani.

Walikaa hivyo wiki nyingi, wakisalimiana kwa kifupi. Msusi alirudi kwenye meza yake, majina yakarudi kwenye mbao za matangazo. Bi Mhuri alipangwa kwenye rafu za nyuma. Ndipo maktaba ikaanzisha huduma ya kupeleka vitabu hospitali kila Jumatano, kwa wagonjwa waliolazwa muda mrefu, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kusukuma toroli lile, wakampa yeye. Wiki ya pili tu wagonjwa wa wodi ya wanawake wakamtuma ujumbe: maktaba ina msusi, walimsikia redioni. Hawezi kuja na yeye?

"Mwambie wewe mwenyewe," mkuu alimwambia.

Alikaa na ujumbe ule siku mbili. Wodi ile ilikuwa yake, kitu chake cha kwanza tangu aibu ile, na alijua kabisa kitakachotokea msusi akitia mguu mlangoni. Kujifanya amesahau kungekuwa rahisi. Siku ya tatu alikwenda saluni akasema yote, bila kupunguza neno.

"Nitakuja," alisema msusi. "Lakini ndoo ya maji utabeba wewe."

Ikawa kama alivyojua. Jumatano ile toroli lilipoingia, vichwa viliinuka kwenye vitanda kumi na viwili. "Msusi! Anza na mimi! Mimi nina mwezi sijaguswa kichwa!" Hakuna aliyetazama vitabu. Bi Mhuri alisimama katikati ya wodi na ndoo mkononi, na kile kitu kikampanda kama kiungulia, kile kile, hakikuwa kimepungua hata kidogo. Alikitambua. Akaweka ndoo chini mahali wifi yake alipomwonyesha, akachukua kitabu cha juu kwenye toroli, akaenda mpaka kitanda cha mwisho dirishani, ambako mwanamke mmoja alikuwa amelala na bandeji machoni.

"Wewe ndiye wa vitabu?" mwanamke aliuliza, aliposikia kiti kikivutwa.

"Ndiye."

"Nywele sina. Nisomee."

Bi Mhuri akafungua, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, ya maktaba. Alikuwa kwenye sentensi ya nne aliposikia kutoka kitanda cha tatu sauti ya wifi yake, kibanio kikiwa katikati ya meno.

"Paza sauti, wifi. Huku hatusikii."

Akarudi mwanzo wa ukurasa, akapaza sauti.